Mwaka wa Makubadhi ya Nassoro

Habari za kifo cha Bwana Twahir zilinikuta nikishona shingo ya kanzu, na sikuinuka mpaka nilipoimaliza. Nilikata uzi, nikaikunja kanzu, nikaiweka juu ya nyingine, ndipo nikasema maneno yasemwayo mtu akifa. Siku ya hitima nilivaa buibui langu nikaenda nyumbani kwake Mji wa Kale, nikaketi na wanawake chumba cha ndani, karibu na mlango. Tuliletewa wali na nyama kwenye sinia, watu wanne wanne, na katikati ya kula mama mmoja wa makamo, nisiyemjua, akaanza kumsifu marehemu. "Yule hakuwa mtu wa kuchezewa," alisema, akiutenga mfupa kando. "Hamjui kisa cha viatu? Alikuwa na fundi mmoja mvivu, ajifanya achapa kazi hadi isha. Bwana Twahir akamtegea viatu vyake mwenyewe, akamuumbua mbele za watu. Kisha cheo akampa msichana yatima, hana hata wa kumsemea. Haya niambieni, matajiri wa leo wana jicho lile?" Wenzake wakajibu hawana, Mola amrehemu. Mimi niliendelea kutafuna. Yule msichana yatima ni mimi. Na viatu nilivitega mimi, kwa mikono yangu hii. Nilinyamaza miaka yote hii kwa sababu ya mapatano, na mwenzangu wa mapatano sasa yuko chini ya mchanga. Mapatano yamekwisha. Kwa hiyo naandika.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wazazi wetu walivyoondoka sitaeleza; waliondoka, na mimi nilikuwa wa kwanza kuzaliwa. Shule niliiacha kidato cha pili, vitabu nikampa jirani. Tulipanga chumba kimoja Majengo, mimi na wadogo zangu wawili: Zuhura, aliyekuwa amevunja ungo karibuni, na Ali, aliyekuwa bado akilala huku ameshika kidole changu. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba, pazia la kanga lililogawa pa kulala na pa kupikia, na mlango uliofungukia ukumbini, ambako wapangaji wanaume walipita na kurudi, wengine wakiwa wamelewa. Komeo la mlango lilikuwa msumari uliopindwa. Shangazi yetu alikuwa akija Ijumaa, anakaa ukingoni mwa kitanda kama mtu anayengoja kuitwa, na kila Ijumaa macho yake yalikwenda kwenye msumari ule. "Mwanakombo, mimi si mbaya," aliniambia siku moja, Zuhura akisikia nyuma ya pazia. "Lakini hapa si mahali pa kulea msichana. Kuna watu Malindi wanataka mtoto wa kuwasaidia kazi za nyumbani. Atakula, atavaa. Ukipata nyumba ya maana, yenye mlango wa ndani, nitamrudisha. Nakupa hadi Idi ipite." Nikamwambia nitapata. Sikuwa na pa kuipatia, lakini nilimwambia nitapata, na akaniamini kidogo, maana sijawahi kusema neno nisilitimize.

Kiwanda cha Bwana Twahir cha kushona kanzu kilikuwa juu, katika nyumba ya mawe, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wakipishana hugusana mabega. Sakafu nzima ilitandikwa shuka nyeupe, kwa kuwa kitambaa cha kanzu kikigusa vumbi ni hasara, na kila mtu alivua viatu chini, mwanzo wa ngazi, mlango ukiwa wazi. Ngazi zilikuwa kali, na Bwana Twahir alikuwa na magoti mabovu. Alipanda Jumamosi tu, akishikilia kamba iliyofungwa ukutani, akipumua kama anayepanda mnazi. Siku nyingine zote alitukagua kutoka chini. Akienda sala ya magharibi na akirudi kutoka isha, alisimama mlangoni, akaegemea bakora yake, akavitazama viatu. Alivijua vyote. Alijua champali zangu zilizoshonwa kamba ya nailoni, alijua viatu vya plastiki vya Bi Rehema, fundi wa vifungo, na zaidi ya vyote aliyajua makubadhi ya Nassoro, ya ngozi yenye nakshi nyekundu, ambayo yalijulikana mtaa mzima. "Mdomo hudanganya," alipenda kusema. "Viatu havijui kudanganya." Watu waliokaa barazani naye waliitikia, na mimi mwenyewe kwa muda mrefu niliona ni maneno ya busara.

Mimi nilifika alfajiri, mara tu baada ya sala, vichochoro vikiwa bado vimelowa maji ya kufagilia. Nilifungua madirisha, nikatandika shuka, nikapiga magoti nikakata. Kukata ndiko kazi. Kushona ni kufuata. Mafundi wenzangu walipofika, kila mmoja alikuta vitambaa vyake vimekatwa na kufungwa kwa utepe kando ya cherehani yake, akakaa akashona. Bwana Twahir hakuliona jambo hilo hata mara moja. Akitoka sala ya alfajiri alipita njia ya upande wa pili, kwenye mahamri ya moto, akaenda kwake akalala tena. Na mimi nilitoka kabla ya magharibi, kwa sababu Majengo giza likiingia Zuhura hakupaswa kuwa nyuma ya msumari ule bila mtu. Nassoro alikuja saa nne. Alivua makubadhi yake akiyapanga sambamba kama anayetandika mswala, akapanda akinukia udi, akaagiza chai, akaanza hadithi. Mikono yake haikuwa mibaya, nimpe haki yake. Haikuwa na haraka tu. "Dada Mwanakombo," aliniambia nikikusanya vitu vyangu jioni, "waondoka? Jua bado laangalia. Sisi wengine hapa ndipo kwetu, tutalala na uzi." Mafundi wakacheka. Na kweli, magharibi hadi isha makubadhi yake yalikuwepo pale chini, kila siku, na dirishani taa inawaka.

Jumamosi moja Bwana Twahir alipanda, akakaa kwenye kiti pekee kilichokuwepo, akangoja pumzi imrudie. "Nafungua duka Biashara Street," akasema. "La kanzu na vitambaa. Nataka msimamizi. Juu ya duka pana vyumba viwili na choo chake, msimamizi atakaa humo bila kodi. Sitampa mtu wa maneno. Nitamtazama anayejituma." Nilikuwa nimeinamia kitambaa na mkasi ukasimama wenyewe. Vyumba viwili, maana yake mlango wa ndani. Siku ileile nilikwenda kulichungulia jengo lile, nikayaona madirisha ya juu yenye mbao za kijani, nikarudi nyumbani na viazi vya karai vya kusherehekea kitu ambacho bado hakijawa changu. Zuhura aliniuliza tutaweka nini chumba cha pili. Nikamwambia wewe. Alicheka mpaka Ali akaamka.

Tangu siku ile nilianza kufika mapema zaidi, nikikata kanzu za kesho pamoja na za leo. Mtu angeniambia wakati ule kwamba nafanya upumbavu ningemgombeza. Niliamini kazi ina harufu, itamfikia mwenye pua. Sasa nina kiwanda changu mwenyewe na nimeajiri watu, nami najua kwamba kazi ya alfajiri haina harufu yoyote. Ikifanywa vizuri hutoweka, kama chumvi iliyokolea, na anayekula husifu mchuzi. Anayekaa hadi jioni huonekana amechoka, na uchovu ndio ambao tajiri huuona akadhani ni juhudi.

Ilikuwa jioni moja nilipofika karibu na sokoni nikakumbuka nimesahau vipande vya kitambaa nilivyoomba kazini nimshonee Zuhura sare ya shule. Nikarudi. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha. Makubadhi ya Nassoro yalikuwa chini ya ngazi, sambamba, na taa juu inawaka. Nilipanda nikipiga hodi, nikapiga tena, nikaingia. Hapakuwa na mtu. Cherehani yake ilikuwa imefunuliwa, kanzu iko chini ya sindano, mshono umefika nusu, na pembeni kikombe cha chai kimeota utando. Mlango wa nyuma, wenye ngazi za kuteremkia uani, ulikuwa umerudishiwa tu. Nikateremka nikaenda kwa Bi Rehema, aliyekuwa akikaa nyumba ya kuelekeana na kiwanda. Alikuwa akikuna nazi, na hakusimamisha mkono. "Kwani wewe hukujua? Nassoro yuko kwenye karata, na wenziwe, nyuma ya soko. Hutokea uani na champali, hurudi isha ikisha, akazima taa, akavaa makubadhi yake, akamwamkia Bwana Twahir hapa mlangoni. 'Masalkheri Bwana, mgongo waniuma.' Nami huwa nacheka peke yangu." Nikamwambia nitamwambia Bwana Twahir kesho asubuhi. Ndipo akaiweka nazi chini. "Usithubutu. Mwanamume akisemwa na mwanamke, yule mwanamke ndiye huambiwa ana kijicho. Wewe ukimsema, utakosa cheo na jina litakuharibikia. Kama ni kusemwa, na asemwe na viatu vyake." Nilikwenda nyumbani na maneno yale, nikayalalia.

Sikufanya chochote. Nilidhani haki itajipitia. Bwana Twahir alitangaza Jumamosi ya mwisho kabla ya Idi, na jina alilolitaja ni Nassoro. Mafundi walipiga makofi. Nassoro akabusu mkono wa tajiri. Watu waliposhuka kumpongeza nilibaki, nikasimama mbele ya kile kiti. "Bwana, mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mwanangu. Wewe u mtoto mwema. Lakini sikuoni. Nikipita magharibi, viatu vyako havipo. Nikirudi isha, havipo. Mwenzako yupo."

"Mimi huja alfajiri, Bwana. Vitambaa vyote hivi nakata mimi, kabla ya mtu kufika."

"Alfajiri," alisema, kana kwamba nimemtajia nchi ya mbali. "Nani akuonaye alfajiri?"

"Nina wadogo zangu, Bwana. Nina msichana nyumbani, siwezi kumwacha usiku."

"Kila mtu ana wake." Akaishika ile kamba, akaanza kushuka, ngazi moja moja. Hakuuliza jina la huyo msichana, wala miaka yake. Nilisikia bakora yake ikigonga hadi chini.

Idi ikapita. Shangazi alikuja asubuhi, mimi nimepika mbaazi na mahamri ili Zuhura aondoke ameshiba. Hakuna aliyekula ila Ali. Zuhura alikuwa amekunja ile sare mpya akaiweka juu ya mfuko, na Shangazi akaitoa taratibu akairudisha kitandani. "Hii hutaihitaji kule." Zuhura aliniuliza kama Ijumaa atakuwa akija. Shangazi akajibu kwa niaba yangu, "Tutaona." Zuhura hakulia. Mimi pia sikulia. Nilisimama mlangoni, nikautazama ule msumari uliopindwa, nikasema moyoni: Twahir. Nassoro. Nilisema majina mawili yale kama mtu anavyosema nia kabla ya sala.

Niliendelea kwenda kazini alfajiri, nikakata kama kawaida. Ila sasa nilikuwa na jioni. Duka lilichelewa kufunguliwa kwa ajili ya matengenezo, na Nassoro, akiwa keshapewa, aliacha mchezo wake wa taa. Alinunua viatu vyeusi vya kufunga, vya msimamizi, na makubadhi ya zamani akayasukuma chini ya ngazi, kwenye giza, nyuma ya ndoo. Niliyaona kila siku. Nilingoja miezi. Nimeambiwa mara nyingi kwamba nina subira, na watu husema hivyo kwa kunisifu. Hawajui subira ina kazi ngapi.

Siku ikaja yenyewe. Palikuwa na karamu ya harusi mtaa wa pili, na Bwana Twahir alimchukua Nassoro aende naye, ili wakubwa wamjue msimamizi wake. Nilimpeleka Ali kwa Bi Rehema. Waliposali magharibi wakaenda, niliingia kiwandani kwa ufunguo wangu wa alfajiri. Niliyatoa makubadhi nyuma ya ndoo, nikayapangusa, nikayaweka mahali pake, sambamba, ncha zikielekea ngazi. Nikapanda, nikaifunua cherehani ya Nassoro, nikapachika kanzu chini ya sindano, nikawasha taa. Mlango wa mbele nikauacha wazi. Kisha nikatokea uani, njia yake, nikazunguka, nikaketi kwa Bi Rehema nyuma ya mbao za dirisha. Tulikula mkate wa mofa tukingoja. Bi Rehema aliniuliza kama naogopa. Nikamwambia mofa imepoa.

Walirudi baada ya isha, kundi la watu watano sita, wameshiba, wananukia marashi. Bwana Twahir alikuwa mbele na Nassoro kando yake amemshika mkono kwa ajili ya magoti. Kwa mazoea ya miaka, mzee akasimama mlangoni akaegemea bakora. Kwa mazoea ya miaka akasema, bila kufikiri, "Mnamuona Nassoro wangu? Saa hizi bado yuko kazini."

Kisha nikasikia sauti ya Maalim Badi, rafiki yake wa barazani, mtu wa mzaha. "Nassoro yupi, Twahir? Huyu uliyemshika?"

"Hivi... hivi ni vya zamani, Bwana," akasema Nassoro.

"Na taa?" akauliza Maalim Badi. "Na cherehani huko juu yashonwa na nani? Wallahi Twahir, umepata fundi. Ala biriani kwa watu, na huku ashona! Mpandishe cheo tena, huyu akifa atajishonea sanda yake mwenyewe." Walicheka. Mmoja alicheka mpaka akashika ukuta. Nilikuwa nimeweka jicho kwenye upenyo wa mbao, na nilimwona Bwana Twahir akivitazama viatu, kisha akimtazama Nassoro, kisha miguu ya Nassoro, na kila alipotazama kicheko kilizidi. Alitoa mkono wake kwenye mkono wa Nassoro na akaenda kwake peke yake, akichechemea. Nimekula vitu vitamu maishani. Hakuna nilichokula kitamu kama dakika ile, na sijaona sababu ya kujuta.

Asubuhi yake, nikiwa nimepiga magoti nakata, nilisikia bakora kwenye ngazi. Haikuwa Jumamosi. Jua lilikuwa halijatoka sawasawa. Bwana Twahir aliingia, akasimama kwenye shuka nyeupe, akaona vitambaa vilivyopangwa kando ya kila cherehani. Alivitazama muda mrefu. "Nani aliweka viatu vile?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ulisema hunioni, Bwana."

Akakaa kwenye kiti. Alikuwa amezeeka usiku mmoja. "Mji mzima wacheka," akasema. "Badi ashapita mahamrini. Sikiza. Nassoro nimemtoa. Duka nakupa wewe, na vyumba vyake. Lakini viatu niliviweka mimi. Mimi ndiye niliyemshuku, mimi ndiye niliyemtega. Wewe hukuwepo." Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na alichokuwa akiniomba ni nisionekane tena. Nilimfikiria Zuhura. Nikanyoosha mkono, nikasema, "Funguo." Sikumshukuru, na yeye hakungoja shukrani. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimekodi mkokoteni, kitanda cha kamba kiko juu yake, na Ali amekaa juu ya kitanda.

Nilikwenda Malindi mwenyewe. Nyumba ilikuwa kubwa, uani kuna bomba, na Zuhura alikuwa akisugua sufuria. Alinyanyuka akafuta mikono, akauliza, "Nimekosa nini?" kabla hajatambua ni mimi. Nilimleta Biashara Street, nikamwonyesha chumba cha pili, mlango wa ndani, komeo la chuma. Nikampakulia chakula kwenye mkeka. Alichukua sahani yake akaenda nayo mlangoni, akala amesimama, haraka, sikio lake nje. Nikamwambia, "Keti, Zuhura." Akaketi. Nilipogeuka kuchukua maji akasimama tena. Leo ni mke wa mtu, ana watoto watatu na nyumba yake nzuri, na bado hula amesimama. Mumewe alidhani ni mila yetu.

Nassoro aliishia Shimanzi, akibeba mizigo kwenye maghala. Miaka mingi baadaye, duka likiwa langu kwa kulinunua, alikuja akasimama mbele ya meza yangu, nywele zimemtoka. "Dada Mwanakombo, nitafutie hata pa kufagia." Nilimtazama machoni kwa utulivu. "Sikuoni, kaka," nikamwambia, nikamwita mteja aliyekuwa nyuma yake. Wanaonifanyia kazi hujua kwamba sina saa maalumu ya kupita. Mimi huja alfajiri, huja mchana, na magoti yangu pia sasa ni mabovu, lakini ngazi napanda. Hakuna fundi wangu aliyewahi kupewa cheo kwa kuchelewa kurudi kwake.

Basi pale hitimani, masinia yalipoondolewa na kahawa kuletwa, Nuru, binti mkubwa wa marehemu, aliwazungukia wanawake kama ada. "Baba alitangamana na watu wengi," alisema, macho yamevimba. "Ikiwa alimkosea mtu humu, kwa kujua au kutojua, naomba msameheni." Chumba kizima kikaitikia, tumemsamehe, tumemsamehe. Akafika kwangu mlangoni, akanishika mkono. "Na wewe, dada? Wewe alikuinua, alikupenda kama mwanawe. Nawe umemsamehe?"

"Muulize Zuhura," nikamwambia.

Akanitazama, hakuelewa. "Zuhura ndiye nani?"

Baba yake alikufa bila kuuliza swali hilo. Niliuvuta mkono wangu taratibu, nikanyanyuka, nikamwacha akiwaangalia wanawake wale mmoja mmoja, akimtafuta Zuhura.